Chakula cha Kigiriki: Siri Iko Kwenye Sufuria ya Mboga

Ukimtajia mtu chakula cha Kigiriki leo, nyama ndiyo inayomjia kichwani: gyros inayozunguka motoni na kukatwa vipande vyembamba, mishikaki ya souvlaki ndani ya mkate wa pita, au musaka yenye tabaka nene la mchuzi wa maziwa juu yake. Ni vyakula vitamu, na anayevipenda simlaumu. Ila si hivyo vilivyowafanya madaktari wa moyo waikodolee macho Ugiriki kwa zaidi ya miaka 60. Kilichowashangaza kilikuwa kwenye sufuria ya mboga na maharagwe ya mkulima wa kisiwani, mtu aliyeionja nyama kwa nadra, na ambaye alipoulizwa anatamani nini, alijibu kuwa anatamani nyama.

Katika mapishi haya, utamu na faida ya mwili haviachani. Mafuta ya zeituni yana sifa zake za kitabibu, na nitazieleza, lakini kazi yake kubwa ni kuifanya mboga iwe tamu kiasi cha mtu kula sahani nzima, kila siku, bila kulazimishwa na daktari wala mkewe. Anayenunua chupa ya mafuta akaiacha sufuria ya mboga ameondoka na sehemu ndogo ya mali.

Habari ya kisayansi inaanzia kisiwa cha Krete baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ugiriki ilikuwa imetoka kwenye utawala wa majeshi ya Hitler ikiwa hoi. Mwaka 1948, kwa mwaliko wa serikali ya huko, Rockefeller Foundation ya Marekani ilianza kuchunguza hali ya maisha ya watu wa Krete, na matokeo yakatolewa na Leland Allbaugh katika kitabu mwaka 1953. Umaskini waliukuta kweli. Lakini walikuta pia watu wanaokula mkate mwingi wa ngano na shayiri, majani ya porini, maharagwe na adesi, matunda, na mafuta ya zeituni kwa wingi. Nyama, samaki na maziwa vilikuwa kidogo. Lishe yao kwa jumla ilikuwa bora kuliko mifuko yao. Hata hivyo wengi wa waliohojiwa hawakuiona fahari yoyote katika chakula hicho. Kwao kilikuwa chakula cha kukosa.

Miaka kumi baada ya uchunguzi huo kuanza, mwaka 1958, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walianza utafiti uliokuja kujulikana kama wa Nchi Saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Walipimwa wanaume 12,763 wa umri wa miaka 40 hadi 59, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Upande wa Ugiriki, chini ya daktari wa moyo Christos Aravanis, ulichukua vijiji vya Krete na Corfu. Baada ya miaka 15, kiwango cha vifo vya maradhi ya mishipa ya moyo nchini Ufini kilikuwa zaidi ya mara 20 ya kile cha Krete.

La kustaajabisha ni kwamba watu wa sehemu zote mbili walikula mafuta mengi. Mkrete alipata karibu asilimia 40 ya nguvu zake za chakula kutoka kwenye mafuta. Tofauti ilikuwa aina: Mfini alikula siagi na maziwa yenye mafuta yanayoganda, Mkrete alikula zeituni. Katika hesabu za miaka ya 1960, mwanamume wa Krete alikula kwa siku gramu 35 hivi za nyama, gramu 18 za samaki, gramu 380 za mkate, karibu nusu kilo ya matunda, na gramu 95 za mafuta. Tazama hiyo ya samaki. Wengi hudhani watu wa visiwani huishi kwa samaki, kumbe samaki wa Krete alikuwa kitoweo cha mara mojamoja.

Utafiti huu una wakosoaji wake, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Nchi ziliteuliwa na watafiti wenyewe. Chakula chenyewe kilipimwa kwa undani katika kaya chache tu, na imesemwa kwamba sehemu ya upimaji wa Krete iliangukia Kwaresima, wakati ambapo wengi hawali nyama kabisa. Tena mkulima wa Krete alikuwa mtu wa miguu, akipanda milima nyuma ya kondoo na kupalilia mizeituni kwa jembe. Gramu 95 za mafuta ni zaidi ya kilokalori 800. Yeye alizichoma shambani. Karani anayekaa kitini kutwa nzima akinywesha chakula chake mafuta kiasi hicho ataona matokeo yake kiunoni.

Kwa sababu hiyo mimi naupa uzito zaidi utafiti ulioongozwa na Antonia Trichopoulou wa Athens, uliochapishwa mwaka 2003. Yeye na wenzake waliwafuatilia Wagiriki 22,043, wanaume kwa wanawake, wakampa kila mmoja alama kuanzia 0 hadi 9 kulingana na ulaji wake ulivyokaribia ulaji wa jadi: mboga, jamii ya kunde, matunda na karanga, nafaka, samaki, aina ya mafuta, nyama kidogo, maziwa kidogo, na divai ya kiasi wakati wa kula. Kila alama 2 zilizoongezeka ziliambatana na upungufu wa vifo wa kama asilimia 25. Kisha walikipima kila chakula peke yake. Hapo nguvu ile ilipungua. Kwa ujumla, vyakula vikichukuliwa kimoja kimoja havikuonyesha uhusiano mkubwa na maisha marefu. Faida ilionekana pale vyote vilipokaa kwenye meza moja.

Matokeo haya yangepaswa kubandikwa kwenye kila duka linalouza chupa ya mafuta kama dawa.

Majaribio ya nchi nyingine yameelekea upande huohuo. Ufaransa, katika utafiti wa Lyon ulioanza kutoa matokeo mwaka 1994, wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo walipewa mlo ulioigwa kutoka Krete, na wakapata mashambulio mapya machache sana kuliko wenzao. Hispania, utafiti mkubwa uitwao PREDIMED, wenye watu 7,447, ulitangaza mwaka 2013 kwamba mlo huo ukiongezewa mafuta ya zeituni au karanga za aina mbalimbali unapunguza maradhi ya moyo na kiharusi kwa karibu asilimia 30. Ripoti hiyo iliondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kugundulika kuwa baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama ilivyotakiwa. Hesabu mpya zilikaribiana sana na zile za kwanza. Kuhusu divai, msomaji asiyekunywa hana anachokosa: ushahidi wa faida yake umedhoofika mno, na Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama.

Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo takwimu zinapopata ladha.

Wagiriki wana kundi zima la mapishi linaloitwa ladera, yaani mboga zinazopikwa ndani ya mafuta ya zeituni zikawa ndio mlo wenyewe. Chukua fasolakia, maharagwe mabichi ya maganda. Kitunguu kinalainishwa kwenye mafuta ya kutosha, kikombe cha kahawa kimoja au viwili kwa kilo ya maharagwe. Maharagwe yanaingia, nyanya zilizokunwa zinafuata, pengine viazi viwili vitatu, chumvi, na majani ya kunukia. Sufuria inafunikwa, moto unapunguzwa, na mpishi anaondoka. Hakuna haraka. Maji ya nyanya yanapungua taratibu hadi yaishe kabisa, na kinachobaki chini ni mafuta mekundu yaliyokwisha kunywa ladha ya kila kilichopita humo. Mpishi akizima moto huku maji bado yanaelea, wenye chakula chao watasema hakijaiva, hata kama maharagwe yamelainika. Kisha sufuria inaachwa ipoe. Fasolakia huliwa vuguvugu, pamoja na mkate wa kuchovya na kipande cha jibini ya feta, na kesho yake huwa tamu zaidi.

Bamia hupikwa hivyohivyo. Biringanya pia, na nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali na nanaa. Ukiangalia kwa jicho la lishe, utaona mpishi huyu anafanya kazi ya mtaalamu bila kujua. Rangi nyekundu ya nyanya na ile ya manjano iliyojificha kwenye majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi zinapofuatana na mafuta. Nyanya iliyopikwa kwenye mafuta hutoa zaidi ya nyanya mbichi. Limau linalokamuliwa juu ya majani na adesi huleta vitamini C inayousaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, ambayo kwa kawaida mengi yake hupita tu. Na anayekula sahani ya maharagwe na mkate huwa ameshiba kabla nyama haijatajwa.

Mafuta yenyewe, yakiwa yamekamuliwa bila moto wala kemikali, yana asidi ya oleiki kwa wingi, kwa kawaida zaidi ya theluthi mbili. Yana pia uchungu na mwasho unaomfanya mgeni akohoe. Mwaka 2005 Gary Beauchamp na wenzake walieleza kwamba mwasho huo unatokana na kemikali moja, oleokanthali, inayofanya kazi mwilini kwa njia inayofanana na dawa ya ibuprofeni ya kupunguza uvimbe. Kiasi chake kwenye chakula ni kidogo, asije mtu akaacha dawa aliyoandikiwa. Ila mwasho ni dalili njema: mafuta yaliyochujwa kiwandani hadi yakakosa harufu hayawashi.

Sehemu inayonigusa zaidi ni majani. Wagiriki huyaita horta, na mabibi wa vijijini hutoka na kisu na mfuko kuyachuma kandokando ya mashamba mvua za majira ya baridi zinapoanza. Yanachemshwa, yanachujwa maji, yanamwagiwa mafuta mabichi na limau, basi. Mengi ni machungu, na uchungu huo ndio unaotafutwa. Wakati wa joto huja vlita, ambayo ni ya jamii ya mchicha wetu, na huko Krete huchanganywa na stifnos, ambayo ni jamii ya mnavu. Kunde nazo zipo, huchemshwa na kuliwa baridi na kitunguu kibichi, mafuta na limau. Msomaji wa Korogwe au Kisii akipelekewa sahani hiyo atajua anakula nini. Umo pia mmea mdogo wa majani manene unaotambaa chini, Portulaca oleracea, ambao kwingine hung'olewa kama gugu. Mwaka 1986 Artemis Simopoulos, daktari mzaliwa wa Ugiriki, aliandika pamoja na Norman Salem kuonyesha kwamba majani yake yana mafuta ya omega-3 kwa kiwango cha juu kuliko mboga za majani za kawaida. Kuku waliofugwa huria nao waliyadonoa, na mayai yao yakapata sehemu yake.

Lakini swali bado lipo: kwa nini wapishi wa nchi hii walijibidiisha hivi kuipa ladha mboga, wakati mataifa mengi huipika kama wajibu? Jibu kubwa nadhani liko kanisani. Mkristo wa Kiorthodoksi anayefuata kalenda yote hufunga kati ya siku 180 na 200 kwa mwaka: Kwaresima, siku za kabla ya Krismasi, nusu ya kwanza ya Agosti, na karibu kila Jumatano na Ijumaa. Kufunga huku maana yake ni kuacha nyama, maziwa, mayai, na mara nyingi samaki, ingawa pweza, ngisi na kamba huruhusiwa. Mpishi ambaye nusu ya mwaka hana nyama wala jibini, na ana familia ya kuridhisha, lazima awe fundi wa dengu. Kisiwani Sifnos dengu huwekwa kwenye chungu Jumamosi jioni, chungu kikapelekwa kwenye tanuri la kuni, kikalala humo usiku kucha, na familia ikakichukua Jumapili baada ya ibada. Fasolada, supu ya maharagwe meupe yenye karoti, seleri na nyanya, wengi huiita chakula cha taifa, wakiiweka mbele ya musaka. Kule Krete, Katerina Sarri na wenzake waliwafuatilia watu 120 kwa mwaka mmoja, na katika ripoti yao ya 2003 wakaonyesha kwamba mwishoni mwa mifungo mikuu kolesteroli ya waliofunga ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya wasiofunga.

Hapa niondoe dhana moja inayopendwa na wauza vitabu vya mapishi, kwamba huu ni ulaji wa kale wa akina Sokrate. Wagiriki wa kale walikuwa na zeituni, zabibu, tini, shayiri, adesi na jibini. Hawakuwa na nyanya, viazi, pilipili hoho wala maharagwe ya fasolada. Hivyo vyote asili yake ni Amerika, na nyanya ilizoeleka Ugiriki katika karne ya 19 tu. Karne za utawala wa Waosmani ziliacha mbinu na vionjo vingi vinavyoshirikiwa hadi leo na Waturuki na Waarabu. Kisha baada ya vita na mabadilishano ya watu ya mwaka 1923, wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Asia Ndogo waliingia Ugiriki, wengi wakiwa watu wa miji kama Smirna, na wakaja na jira, mdalasini na mkono mzuri wa kuchoma nyama. Gyros imetoka mikononi mwao.

Musaka ya leo nayo ina mtu wake. Nikolaos Tselementes, mpishi mzaliwa wa Sifnos aliyefariki mwaka 1958, alitaka jiko la Kigiriki lifanane na la Kifaransa. Alipunguza viungo na mafuta ya zeituni, akaleta siagi na mchuzi mweupe wa unga na maziwa. Vitabu vyake viliingia kila nyumba ya mjini hadi jina lake likawa ndilo jina la kitabu cha mapishi. Alikuwa fundi, lakini naamini alichokiona kuwa ushamba ndicho kilichokuwa hazina. Mgeni anayekula musaka kwa kudhani anakula mlo wa Wakrete wa Keys anakula kazi ya Tselementes.

Maziwa na jibini vina nafasi ya heshima, ila ndogo. Feta, ambayo tangu 2002 inalindwa na sheria ya Ulaya kuwa ya Ugiriki pekee, lazima iwe ya maziwa ya kondoo, au ichanganywe na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, na ikae kwenye maji ya chumvi si chini ya miezi 2. Ina protini na kalsiamu nzuri. Ina pia chumvi nyingi: gramu 100 hukaribia nusu ya chumvi yote ambayo Shirika la Afya Duniani humruhusu mtu mzima kwa siku, ambayo ni gramu 5. Kipande juu ya kachumbari kinatosha. Mtindi uliochujwa una protini karibu mara mbili ya ule wa kawaida, mradi ununue usio na sukari.

Wagiriki wenyewe leo hawali hivi kama zamani. Fedha zilipoongezeka, matamanio ya mkulima yule wa Krete yalitimia, nyama ikafika mezani kila siku. Sasa Ugiriki iko kati ya nchi za Ulaya zenye watoto wengi zaidi wenye uzito wa kupindukia. Mavuno mabaya ya zeituni ya 2023 yalipandisha bei ya mafuta hadi hata familia za huko zikaanza kuyapima kwa kijiko. UNESCO iliuingiza ulaji wa Mediterania kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010, na mji wa Koroni ndio ukatajwa kwa niaba ya Ugiriki. Ni heshima inayostahili, lakini orodha haipiki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, bei ya chupa ya zeituni isiwe sababu ya kukata tamaa. Mpishi wa pwani anayepika kunde na mchicha kwa tui la nazi anaijua mbinu hii tangu utoto: mafuta ndiyo yanayoibembeleza mboga ishuke. Tofauti iliyopo ni kwamba mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda kwa sehemu kubwa sana, na ya mawese karibu nusu yake, kwa hiyo inafaa kubadilisha. Alizeti ya Singida, ufuta na karanga si zeituni na hazijachunguzwa kiasi hicho, lakini ziko upande wa mafuta yasiyoganda. Pika bamia, biringanya, maharagwe mabichi au mnavu kwa nyanya na moto mdogo hadi maji yaishe, kamua limau, ule kama mlo kamili na si kama kitoweo cha pembeni, na nyama iache ya siku za wageni.

Na ukijaliwa kufika Athens, upite mbele ya gyros bila kusimama. Ulizia mageirio, mgahawa mdogo unaopika sufuria za siku, na uende mchana mapema. Waambie wakufunulie sufuria uone, kisha uagize ya mboga.